NASAHA ZA MWALIMU: Tairi Hufa Kabla ya Meno Yake Kwisha



Ndugu wasomaji, mzee mmoja wa jumuiya yetu hapa Maskati ameniletea suala, nami nimeona jawabu lake litawafaa wengi. Analo Land Cruiser la mwaka 1996, injini yake ingali nzima, na amekusudia kuwachukua watoto na wajukuu kwenda Salalah msimu wa khareef. Matairi yake kwa kuyatazama bado yana meno, ila yana umri mkubwa. Mwanawe anataka manene yenye meno marefu. Muuzaji wa vitu vilivyokwishatumika naye amemwekea manne kwa bei ndogo mno. Mzee wetu anauliza afuate lipi.

Tuanze na umri, kwani hapo ndipo wengi tunapopotea. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tulizoea kulipima tairi kwa meno yake: likiwa kipara hutupwa, likiwa na meno huendelea. Kipimo hicho kina ukweli, na ndani ya mifereji ya tairi mna vijinundu vinavyoonyesha kwamba meno yamebaki milimita 1.6 tu. Lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Jua, joto na hewa huukausha, ukawa mgumu, ukapasuka nyufa ndogo ndogo ubavuni, na tabaka za ndani zikaanza kuachana. Katika nchi hii lami ya kiangazi hupita nyuzi 60 za joto. Gari la zamani, ambalo mara nyingi hutembezwa siku za mapumziko tu na kuachwa juani tunapokwenda nyumbani kuwatazama wazee, ndilo lenye hatari hii zaidi, kwa sababu meno yake hayaishi upesi.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni. Tafuteni herufi DOT, kisha tazameni tarakimu 4 za mwisho wa mstari ule. Zikiwa 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa 3 tu, ni la kabla ya mwaka 2000, nalo halifai hata kwa kazi ya akiba. Ikiwa ubavu wa nje hauna tarakimu hizo, tazameni ubavu wa ndani. Wapeni watoto kazi hii, ni hesabu nzuri kuliko nyingi za vitabuni. Watengenezaji kadhaa, Michelin miongoni mwao, hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na libadilishwe likifika miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama linaonekana zima. Kwa joto letu, mwenye busara hangojei kikomo hicho. Na msilisahau la akiba: mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote, na huitwa kazini saa ya dhiki.

Haya si maneno ya kutishana. Mwezi Agosti mwaka 2000 kampuni ya Bridgestone/Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yao yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Tabaka la juu lilikuwa likibanduka gari likiwa katika mwendo wa kasi, na watu zaidi ya 200 walifariki katika ajali zilizohusishwa na matairi hayo. Kabla ya hapo, mwaka 1999, kampuni ya Ford ilikwisha kuanza kuyabadilisha matairi ya aina hiyo katika nchi za Ghuba, Saudi Arabia ikiwemo. Joto, upepo mdogo, mzigo na kasi vilipokutana, udhaifu ukafichuka. Na mambo manne hayo ndiyo sura ya safari ya Salalah: kiasi cha kilomita 1,000, jangwa lililonyooka, gari limejaa watu, na masanduku juu ya paa.

Sasa ukubwa. Kijana wetu anapenda tairi la 285/75R16 badala ya 275/70R16 lililokuja na gari. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni ringi kwa inchi. Tukipiga hesabu, tairi la asili lina kimo cha milimita 791, na analolitaka kijana lina milimita 834. Tofauti ni kama asilimia 5. Kwa hiyo mita ikisema 120, gari linakwenda zaidi ya 126. Breki na injini nazo hubeba kazi ya ziada, na hizo zina umri uleule wa gari. Fuateni kibao kilichobandikwa mlangoni. Tazameni pia namba ya mzigo na herufi ya mwendo: 114S maana yake kila tairi hubeba kilo 1,180, na mwendo wake usizidi kilomita 180 kwa saa.

Kuhusu meno, yako makundi matatu. Yaliyoandikwa H/T ni ya lami, tulivu na yenye kushika vizuri wakati wa mvua. M/T ni ya matope. Hunguruma barabarani, na kwenye mchanga wa Wahiba huchimba shimo badala ya kuelea. A/T yamo katikati, na ndiyo ninayomshauri mzee wetu, kwani hutosha kwa lami, kwa changarawe ya mabonde, na kwa kupanda Jabal Akhdar. Mchangani kinachosaidia hasa ni kupunguza upepo, hata paundi 15 au 18 kwa mwendo wa polepole, ili tairi lilale na kuutandaza uzito. Lakini lazima lijazwe tena kabla ya kurudi lami. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata moto ndani, kisha hupasuka.

Na yale manne ya bei ndogo? Ayaache. Hajui yaliwahi kugonga nini wala yalikaa wapi. Muuzaji anayeijua kasoro akaificha ana hesabu yake mbele ya Mola. Mnunuzi anayewapakia wajukuu juu ya kasoro asiyoijua naye hana udhuru mkubwa. Anunue manne mapya ya aina moja kwa pamoja, kwani gari linalosukuma kwa magurudumu yote wakati wote huumia difu likifungwa matairi ya vimo tofauti. Fedha zisipotosha, safari ingoje mwaka ujao. Khareef hurudi kila mwaka.

Siku ya safari apime upepo asubuhi, matairi yakiwa baridi, na ajaze kwa kiwango cha gari lenye mzigo. Akisimama njiani asipunguze upepo kwa kuwa umepanda; kupanda huko ni kwa joto, na ni jambo la kawaida.

Mnaikumbuka habari ya yule aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Aliamrishwa amfunge, kisha atawakali. Dua ya safari tuisome sote, wakubwa na wadogo. Lakini kabla ya dua, mwenye gari ainame, asome zile tarakimu 4.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutazungumzia breki.

Wabillahi tawfiq.