Uzito wa Risasi: Filamu za Kijerumani kuhusu Ugaidi na Uhalisia wa Kuhesabu

Limekita mizizi miongoni mwa baadhi ya wahakiki dai kwamba filamu za Kijerumani za miaka ya sabini na themanini zilizohusu ugaidi wa mrengo wa kushoto ziliwaonea magaidi huruma na kuwavika joho la mashujaa wa tanzia. Kwa mujibu wa dai hilo, ilibidi hadhira isubiri hadi mwaka 2008, Uli Edel alipotoa Der Baader Meinhof Komplex, ndipo ionyeshwe mambo jinsi yalivyokuwa hasa. Dai hili halina mashiko. Linachanganya mambo mawili ambayo mwanafunzi wa fasihi huonywa mapema asiyachanganye, yaani unakili wa matukio na uhalisia.

Filamu ya Edel imetokana na kitabu cha mwanahabari Stefan Aust kilichotoka mwaka 1985, na mswada wake uliandikwa na Bernd Eichinger, ambaye pia ndiye aliyeitayarisha. Kwa muda wa saa mbili na nusu inalifuata kundi la Rote Armee Fraktion tangu Juni 1967, polisi wa Berlin Magharibi alipompiga risasi mwanafunzi Benno Ohnesorg katika maandamano ya kumpinga Shah wa Iran, hadi Oktoba 1977, kundi hilo lilipomuua Hanns Martin Schleyer, kiongozi wa waajiri wa Ujerumani Magharibi. Watengenezaji wake walijigamba kuwa hata idadi ya risasi zinazofyatuliwa katika maonyesho ya mashambulizi inalingana na kumbukumbu za polisi. Majigambo hayo yafaa kuchunguzwa, kwani ndiyo nadharia nzima ya sanaa ya filamu hii. Risasi zikishahesabiwa, inadhaniwa, ukweli umekwisha kupatikana.

Haki yake ipewe: onyesho la maandamano ya Juni limepangwa kwa ustadi, na mtazamaji huondoka pale akielewa kwa nini vijana wengi waliipoteza imani yao kwa dola katika usiku mmoja. Baada ya hapo uzi unakatika na shanga zinatawanyika. Benki inaporwa, bomu linalipuka, gari linafukuzwa, mtu anauawa, na kabla kifo hicho hakijapata maana kingine kimeshaingia. Wanachama wapya wa kundi huja na kwenda bila hata majina yao kushika. Georg Lukács, katika insha yake ya mwaka 1936 kuhusu kusimulia na kufafanua, alilalamikia fasihi inayolundika maelezo sahihi huku uhusiano wa ndani wa maisha ukipotea. Lalamiko hilo linaikaa filamu hii kama kanzu iliyopimwa.

Maana Ujerumani iliyowazaa watu hawa iko wapi? Kurt Georg Kiesinger, aliyejiunga na chama cha Nazi mwaka 1933, alikuwa Kansela kuanzia 1966 hadi 1969. Hans Filbinger, aliyekuwa hakimu katika jeshi la majini la Hitler, aliliongoza jimbo la Baden-Württemberg, lile lile lenye gereza la Stammheim, hadi alipolazimika kujiuzulu mwaka 1978. Schleyer mwenyewe alikuwa amewahi kuwa afisa wa SS. Hiyo ndiyo jamii iliyochagua kufunika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu hakupita. Kuyataja haya si kuwatetea wauaji. Dereva wa Schleyer na polisi watatu waliouawa mjini Köln tarehe 5 Septemba 1977 hawakuwa na deni lolote la kulipa, wala maovu ya zamani ya Schleyer hayakuwapa watekaji wake kiti cha hakimu. Lakini filamu inayosimulia mauaji bila kombe hilo na kilichofunikwa chini yake imesimulia nusu tu, tena nusu iliyo nyepesi.

Ulinganisho na Die bleierne Zeit ya Margarethe von Trotta, iliyotuzwa Simba wa Dhahabu katika tamasha la Venice mwaka 1981, unaliumbua dai lile. Jina lenyewe ni mtego kwa mfasiri wa Kiswahili. Kivumishi cha Kijerumani kinatokana na madini ya risasi, ilhali Kiswahili kina neno moja kwa madini hayo na kwa kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. ‘Nyakati za risasi’ zitamfanya msomaji asikie milio. Von Trotta alikusudia uzito: miaka ya hamsini ilivyowakalia watoto kifuani. Waitaliano walilichukua jina hilo, wakalifanya jina la miaka yao wenyewe ya ugaidi, nao wakasikia mlio. Tofauti kati ya filamu ya 1981 na ile ya 2008 imo humo ndani ya neno hilo moja.

Katika filamu hii, iliyochochewa na maisha ya Gudrun Ensslin na dadake, mtazamaji haoni hata mara moja Marianne akifyatua bunduki. Anachoonyeshwa, kwa mbinu rejeshi, ni nyumba ya mchungaji ambamo Juliane ndiye mkaidi, anayevaa suruali nyeusi na kucheza dansi peke yake, huku Marianne akiwa kipenzi cha baba. Aliyekuwa mtiifu ndiye anayeishia kushika silaha; mkaidi anabaki kuhariri jarida la wanawake na kumzuru mwenzake gerezani. Hapa pana hoja kuhusu utiifu na dhamiri ya Kiprotestanti iliyokosa pa kwenda, hoja ambayo hesabu ya risasi haiwezi kuibeba. Wala Marianne haonewi huruma ya bure. Amemwacha mwanawe, humdharau dadake, na husema kwa sauti ya amri. Mtoto huyo, Jan, anachomwa moto kwa sababu ya mamake, na mwishoni anairarua picha ya mama kabla ya kudai aambiwe yote. Filamu iliyokusudia kuwatukuza magaidi ingeishiaje hivyo?

Lipo onyesho moja linalostahili kukaliwa zaidi. Baba mchungaji anawaonyesha vijana Nacht und Nebel, filamu ya Alain Resnais kuhusu kambi za mauaji za Nazi. Dada hao wanashindwa kuvumilia na wanatoka kwenda kutapika. Miaka kumi na tisa baadaye, katika Die innere Sicherheit (2000), Christian Petzold anamwingiza binti wa wazazi wanaojificha katika darasa la shule isiyo yake, na filamu inayoonyeshwa humo ni ile ile. Jeanne ana miaka kumi na mitano, na kundi la wazazi wake halitajwi kwa jina. Kile kilichowatapisha wasichana wa miaka ya hamsini kimegeuka somo la darasani, na binti aliyerithi matokeo yake yote amekaa humo kama mgeni. Petzold hahitaji kulipua kitu. Daniela Klette alipokamatwa mjini Berlin mnamo Februari 2024, baada ya zaidi ya miaka thelathini ya kujificha, ni filamu hii ndogo, wala si ile ya gharama kubwa, iliyokuwa imekwisha kuuliza maisha ya namna hiyo huishiwaje siku hadi siku.

Deutschland im Herbst (1978), kazi ya pamoja ya Alexander Kluge, Rainer Werner Fassbinder, Volker Schlöndorff na wengine, inaanza na mazishi ya Schleyer na kuishia na mazishi ya Andreas Baader, Ensslin na Jan-Carl Raspe. Katikati yake Fassbinder anambana mamake mzazi kwa maswali hadi mama anakiri kwamba angependelea mtawala wa kimabavu, mradi awe mwema. Mama huyo si gaidi wala si polisi. Ni raia, na hofu yake inaeleza zaidi kuhusu mwaka 1977 kuliko mfululizo mzima wa magari yanayoteketea. Sehemu iliyoandikwa na Heinrich Böll inawaonyesha wakuu wa televisheni wakijadili tamthilia ya Antigone na kuamua iahirishwe, kwa kuwa habari za maziko na uasi hazifai kwa wakati huo. Yeyote aliyewahi kuketi katika kamati ya kuteua vitabu vya shule atalitambua onyesho hilo bila kufasiriwa.

Hata hivyo, wapinzani wanayo hoja moja ambayo watetezi wa filamu za awali wameikwepa kwa muda mrefu mno. Waliouawa hawamo, au wamo kama majeneza tu. Je, Edel aliirekebisha kasoro hiyo? Mjane wa Jürgen Ponto, mkuu wa benki ya Dresdner aliyeuawa nyumbani kwake Julai 1977, alirudisha nishani ya taifa na kwenda mahakamani kupinga jinsi mauaji ya mumewe yalivyoigizwa. Kesi alishindwa. Lakini iwapo aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo anasema mambo hayakuwa hivyo, usahihi unaojigamba kwa kuhesabu umeshindwa kwa kipimo chake wenyewe. Aliyewarudishia waliouawa maisha yao ni Andres Veiel, katika Black Box BRD (2001), anapoyaweka bega kwa bega maisha ya mkuu wa benki Alfred Herrhausen, aliyeuawa mwaka 1989, na ya Wolfgang Grams, mwanachama wa kundi aliyefariki mwaka 1993. Kila mmoja anapewa jamaa wa kumlilia. Hakuna risasi inayoigizwa.

Upofu mwingine ni wa awali na wa baadaye vilevile, nao unaigusa Afrika Mashariki. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Oktoba 1977 kikosi cha GSG 9 kiliwaokoa mateka 86 wa ndege ya Landshut katika uwanja wa Mogadishu, na vifo vya wafungwa wa Stammheim vikafuata saa chache baadaye. Somalia wakati huo ilikuwa vitani na Ethiopia kuhusu Ogaden, na urafiki wake na Muungano wa Kisovieti ulikuwa ukivunjika. Siad Barre aliridhia kwa hesabu gani, na alitarajia nini kutoka Bonn? Mogadischu ya Roland Suso Richter (2008) ina jina la mji, lakini hadithi yake ni ya abiria, rubani na serikali ya Ujerumani. Edel anaupita mji huo mbiombio. Kikosi kilipokuwa kikijongea, askari wa Kisomali waliwasha moto mbele ya ndege ili kuwahadaa watekaji, na hakuna hata moja kati ya filamu zilizotajwa hapa iliyojali kuuliza ni kina nani walioukoka.