MAANDIKO NYUMBANI: Marehemu Asiye na Kaburi



Mwezi wa Novemba ni mwezi wa kuwakumbuka marehemu wetu. Tarehe 2 tutakwenda makaburini na majembe, tutapalilia, tutaisimamisha misalaba iliyoanguka, naye padre atanyunyiza maji ya baraka. Ni kazi njema. Lakini kila mwaka twaona katika vigango vyetu watu wachache ambao hawaendi makaburini, au huenda wakasimama pembeni kama wageni. Hao ndio tunaotaka kusema nao mwezi huu: wale ambao mpenzi wao alikufa, au yadhaniwa alikufa, wala kaburi lake halijulikani.

Yuko mama mmoja mkristu ambaye mwanawe alikwenda kupanda meli ya MV Bukoba mwezi wa Mei 1996, apate kwenda Mwanza kutafuta kazi. Meli ile ilizama asubuhi ya tarehe 21, ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafa. Wengine walitambuliwa na ndugu zao; wengine wakazikwa Igoma pasipo kujulikana majina; wengine hawakutoka majini kamwe. Tena abiria wengi hawakuandikwa katika orodha yo yote, hata mama huyu hana karatasi moja ya kumwambia kama mwanawe alikuwamo. Basi mwalimu apitapo kukusanya majina ya marehemu wa kuombewa katika Misa, yeye humtaja baba yake na mume wake, kisha hunyamaza. Alipoulizwa sababu, alijibu: “Nikiliandikisha jina lake, nitakuwa mimi ndimi niliyemwua.”

Tusiharakishe kulijibu neno hili. Wako watu ambao humwendea mfiwa wa namna hii wakamwambia asilie, ni mapenzi ya Mungu, kisha hurudi kwao wakidhani wamefanya kazi ya faraja. Maandiko Matakatifu hayafanyi hivyo. Yakobo alipoonyeshwa kanzu ya Yosefu yenye damu, alikataa kufarijiwa na wanawe wote, na Kitabu cha Mwanzo chalieleza jambo hilo pasipo kumlaumu. Naye Bwana wetu, aliyejua kuwa baada ya kitambo kidogo atamfufua Lazaro, alilia machozi kabla hajafika penye kaburi.

Lakini kitabu tunachokipenda kwa nyumba ya namna hii ni Kitabu cha Tobiti. Ni kifupi, sura 14 tu. Baba aweza kukisoma chote kwa watu wa nyumbani kwa jioni nne au tano. Humo yumo Ana, mkewe Tobiti. Mwanawe Tobia alitumwa nchi ya mbali kuleta fedha ya baba yake, na siku za kurudi zikapita. Ana akasema mtoto amekufa. Tobiti akamwambia anyamaze, mtoto yu salama. Naye akamrudishia mumewe neno lile lile, anyamaze yeye, asimdanganye. (Akina mama wa kwetu wakisomewa mahali hapo hucheka kidogo, maana wamjua mwanamke huyo.) Kila siku alitoka kwenda kuitazama njia ile mwanawe aliyoiendea, wala hakula kitu, na usiku alikesha akilia. Mdomo wake wasema amekufa, miguu yake yaenda kumngojea. Hivyo ndivyo ulivyo moyo wa mtu asiyeona maiti.

Tobia alirudi. Sisi hatuwezi kumwahidia kila mama kwamba mwanawe atarudi, na mwalimu aahidiye hivyo atenda vibaya. Kitabu hicho kina faraja ya pili, nayo yatoka kwa Tobiti mwenyewe. Mfalme aliwaua watu wa taifa lake na kuwatupa, naye Tobiti akawazika kwa siri, hata akanyang'anywa mali yake yote. Tena siku ya sikukuu ya Pentekoste, chakula kikiwa mezani, alisikia kwamba maiti ametupwa sokoni. Aliacha kula, akamchukua, na jua lilipokuchwa akamzika, majirani wakimcheka. Ndugu zake yule maiti walikuwa wapi? Kitabu hakisemi. Labda nao walikuwa wakimngojea nyumbani.

Jambo hilo sisi watu wa Ngara tumeliona karibu nasi. Mwaka 1994, Watutsi walipouawa katika Rwanda, wake kwa waume na watoto, wengi walitupwa katika mto Kagera. Waliosimama darajani Rusumo waliwaona wakipita chini ya maporomoko. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja lile wakaingia wilayani mwetu kwa muda wa siku moja, wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Lakini wale wa majini waliendelea na safari yao, kaskazini kisha mashariki, mpaka Ziwa Viktoria katika nchi ya Uganda. Huko watu waliacha kula samaki. Wavuvi na wanavijiji wa pwani ile, wakisaidiwa na serikali na mashirika, waliwatoa majini watu wasiowajua majina wala lugha, wakawazika. Katika makaburi ya Kasensero, Lambu na Ggolo wamelazwa zaidi ya 10,000. Ndugu zao waliosalia hawakuwapo, wala hawakujua. Mkono wa mgeni uliifanya kazi ya mama.

Malaika Rafaeli alimwambia Tobiti ya kuwa alipokuwa akizika wafu, yeye malaika aliipeleka sala yake mbele za Mungu. Basi mazishi yale hayakufichika huko juu. Hata yule ambaye hakuzikwa na mtu hakufichika: Musa alizikwa na Mungu mwenyewe, na hapana ajuaye kaburi lake, na Ufunuo wa Yohane watuambia kwamba siku ya mwisho bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake. Aliyesalia ndani ya meli ile anajulikana mahali alipo.

Kwa hiyo mama yule ajibiweje? Mtume Paulo, alipomwandikia Timoteo karibu na kufa kwake, alitumia neno la amana: amjua aliyemwamini, na kwamba aweza kukilinda alichokabidhiwa. Mwenye kuweka amana hasemi kuwa kitu kimepotea, wala kuwa si chake tena. Asema tu kwamba mikono yake haiwezi kukilinda, naye amempata awezaye. Kuliandikisha jina la mwana ni jambo la namna hiyo. Halimwui mtu. Ikiwa yu hai, Mungu hakosi kujua sala ile aipeleke wapi.

Walimu wenzetu, msimlazimishe mtu kutamka neno “marehemu.” Padre aweza kutoa Misa kwa ajili ya aliye hai au aliyekufa, liandikeni jina pekee, inatosha. Waangalieni sana wapiga ramli, ambao huzijua nyumba hizi na kuziuzia habari za uongo, leo mwana yu Kampala, kesho yu Kigoma, na kila habari ina bei yake. Tena twashauri kila kigango kisimike msalaba mmoja makaburini kwa ajili ya wasio na kaburi, wa mti mgumu usioliwa na mchwa, nafasi ya kutosha iachwe mbele yake kwa watu kupiga magoti. Majina yasichongwe juu yake, kwa sababu wengine hawajawa tayari.

Mwezi ujao tutajibu swali lililoletwa na baba mmoja juu ya watoto wasiokuja kwenye sala ya jioni.