Anayetaka Kujifunza Kupuliza Kioo Apimwe, Asikatazwe kwa Mazoea

Ufundi wa kupuliza kioo umekwisha kupata makao Afrika Mashariki. Mjini Arusha, karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007, huwaajiri watu wenye ulemavu, na humo chupa zilizotumika huyeyushwa zikawa bilauri, shanga na mapambo. Nchini Kenya, karakana ya Anselm Croze huko Kitengela imejipatia jina kwa kioo kinachotokana na mabaki. Basi si ajabu kijana wa Ilemba, katika Bonde la Ziwa Rukwa, akiziona chupa tupu zilizotupwa kando ya njia, akatamani naye kwenda kuujifunza ufundi huo. Na si ajabu kijana huyo akawa mgonjwa wetu: amemaliza dozi ya kifua kikuu, au anameza dawa za kifafa, au ana kisukari. Atatuuliza, “Je, naweza?”

Jibu linalotutoka upesi ni “Acha kazi za moto.” Hoja ya makala haya ni kwamba jibu hilo, likitolewa bila kipimo, ni kosa la kitabibu. Humnyima mtu riziki bila sababu, na humfunza mgonjwa mwingine kuificha hali yake atakapofika mbele ya fundi. Kosa la pili ni kumkubalia kwa huruma bila kumwuliza lolote.

Moto mkali si mgeni Ufipa. Wazee wa nyanda hizi waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri za udongo zilizompita mtu kimo na kuvuta hewa zenyewe bila mivuo. Kisha chuma kile kilisafishwa katika tanuri ndogo yenye mivuo. Kazi hiyo ilifanywa kwa ushirika na kwa miiko, wala haikuwa kazi ya mtu kujiendea peke yake. Anayeanza kioo leo ana haja ya utaratibu wa namna hiyo, na sehemu ya utaratibu huo ni juu yetu sisi wa afya.

Tuanze na pumzi, kwa kuwa hapo ndipo woga wa wengi ulipo. Watu hudhani mpuliza kioo sharti awe na mapafu ya mpiga tarumbeta. Kioo cha chupa hufanyiwa kazi katika joto linalokaribia nyuzi 1,100 za Selsiasi, na katika joto hilo huwa laini kama asali nzito. Pumzi ndogo iliyofungiwa ndani ya bomba hupanuka kwa joto na kuanzisha povu. Baada ya hapo kinachohitajika zaidi ni mikono inayozungusha bomba bila kukoma na macho yanayopima umbo. Kwa hiyo aliyepona kifua kikuu hapaswi kukataliwa kwa sababu tu aliwahi kuugua. Asikilizwe kifua, aulizwe kama huishiwa pumzi akipanda mlima, na ikibidi apimwe nguvu ya mapafu. Kinachoweza kumchosha ni joto la saa nyingi na uzito wa bomba kuliko kupuliza kwenyewe.

Pumzi ina suala jingine, nalo ni bomba linalopita kinywa hadi kinywa. Katika karne ya 19, madaktari wa Ufaransa waliona kaswende ikienea miongoni mwa wapuliza kioo waliopokezana bomba moja. Hapa tuwe sahihi katika mafunzo yetu. Kaswende na malengelenge ya mdomo huweza kupita kwa njia hiyo endapo mdomo una kidonda. Kifua kikuu hakienezwi na bomba wala kikombe. Huenezwa na hewa, mgonjwa ambaye hajatibiwa akikohoa ndani ya chumba kisicho na madirisha. Ushauri basi ni wa aina mbili: kila mwanafunzi awe na kipande chake cha mdomoni, na karakana iwe na hewa ipitayo. Anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi kabla ya kukaa na wenzake.

Hatari isiyoonekana ni ya macho. Kioo kinachowaka hutoa mionzi ya joto ambayo jicho haliihisi kama maumivu, lakini kwa miaka mingi hulitia lenzi ukungu. Mtoto wa jicho wa wapuliza kioo ulitambuliwa Ulaya zamani, na mwaka 1914 mwanasayansi Mwingereza William Crookes alichapisha utafiti wake wa vioo vya miwani vya kuwakinga mafundi hao. Miwani ya jua ya dukani haitoshi, kwa kuwa giza la kioo chake halina maana kwamba huzuia mionzi hiyo. Anayeanza akiwa na miaka 20 hataona dhara lolote kesho, na kwa sababu hiyo ndiye anayestahili kuambiwa leo. Samaki mkunje angali mbichi.

Vumbi nalo lina hadhari yake. Mchanga mbichi wa kutengenezea kioo una silika, na silika ikiingia mapafuni kwa muda mrefu huleta makovu yasiyofutika na kumweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu. Anayeyeyusha chupa zilizokwisha tumika hukwepa vumbi la mchanga huo, nayo ni faida ya kweli. Lakini kusaga kingo za kioo na kubomoa matofali ya tanuri bado hurusha vumbi. Kingo zisagwe kwa maji, na sakafu ifagiliwe ikiwa imelowanishwa.

Wapo wanaopaswa kusubiri, na tuwaambie bila kuwazungusha. Mwenye kifafa ambacho hakijatulia kwa dawa asisimame mbele ya tanuri. Tumekwisha kuona majeraha ya walioangukia mafiga ya jikoni. Mwenye ganzi ya vidole kwa sababu ya kisukari au ukoma anaweza kushika chuma cha moto asijue mpaka anuse harufu ya ngozi yake. Hawa wasifukuzwe katika ufundi. Kuchambua chupa kwa rangi, kuchora maumbo, kufungasha na kuuza ni kazi za karakana hiyo hiyo. Kifafa kikitulia kwa muda ambao daktari ameridhika nao, suala lifunguliwe upya.

Watasema wenzetu kwamba zahanati ina foleni, na mpuliza kioo ni mmoja katika elfu. Ni kweli. Lakini maswali haya haya humfaa mchomeleaji wa milango, mchoma matofali, mhunzi wa majembe na mama anayekaanga samaki katika moshi. Mwaka 1700, daktari Bernardino Ramazzini wa Italia aliwahimiza madaktari waongeze swali moja katika yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti. Kwa anayeanza ufundi tuliongezee kidogo: unataka kufanya kazi gani?

Kwa atakayejibu kwamba anataka kupuliza kioo, saa moja ya mtumishi wa afya yatosha. Asikilizwe kifua, apimwe macho, sukari na hisia za vidole. Aulizwe kuhusu kuzimia. Akaguliwe chanjo ya pepopunda, kwa kuwa wanaume wengi hawajachanjwa tena tangu utotoni, na kioo hukata kila siku. Afundishwe kwamba aliyeungua huvuliwa pete na bangili mapema, kisha jeraha humwagiwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, dawa ya meno, majivu wala mafuta. Halafu hufunikwa kitambaa safi na kupelekwa kituoni. Aonywe pia asijaribu kuyeyusha chupa kwa mkaa ndani ya nyumba, kwa maana hewa ya sumu ya mkaa huua bila harufu, na kioo kisichopozwa polepole hupasuka ghafla. Ajifunze kwa fundi, penye tanuri iliyojengwa kwa kazi hiyo.

Nawe mgonjwa unayesoma haya, usiifiche hali yako kwa kuogopa kukataliwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Njoo kabla ya kushika bomba, useme unachotaka kufanya, nasi tuna wajibu wa kukupima kabla ya kukujibu.