Tiba Iwafuate Wazee Majumbani

Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Msemo huu tunautumia mikutanoni, harusini na katika kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Lakini mzee huyo huyo tunayemtaka ushauri, siku anapopooza mguu au anapopofuka kwa mtoto wa jicho, mara nyingi huachwa katika chumba cha ndani, akawa ni mtu wa kujuliwa hali tu. Leo tunapenda kuizungumzia haki yake ya kutibiwa, na hasa haki ya kutibiwa pale pale alipo.

Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Zanzibar imeshikilia siasa ya matibabu bila ya malipo kwa wananchi wake. Katika miaka ya karibuni zimejengwa hospitali mpya za wilaya, Unguja na Pemba. Haya ni mambo ya kujivunia, na hapana mwenye insafu atakayeyakanusha. Hata hivyo, dawa inayotolewa bure haimfai kitu mtu asiyeweza kuifikia. Mzee wa Kojani, Tumbatu, Fundo au Kisiwa Panza anayehitaji hospitali hana budi avuke bahari kwanza. Kijana huvuka bila ya kufikiri. Mzee asiyeweza kusimama hubebwa mpaka pwani, akapakiwa chomboni, akateremshwa ng'ambo, kisha akatafutiwa gari. Maji yakiwa yamekupwa, wabebaji huingia naye matopeni. Watu watatu au wanne huacha shughuli zao siku nzima, na nauli hutoka mifukoni mwao. Safari ya namna hii jamaa huweza kuifanya mara moja au mbili, lakini hawawezi kuifanya kila mwezi.

Na maradhi ya uzeeni ndiyo hasa yanayotaka uangalizi wa kila mwezi. Shinikizo la damu kwa kawaida haliumi, na dawa yake hunywewa kila siku hata pale mgonjwa anapojiona mzima. Wengi huiacha kwa sababu hiyo, na kiharusi huwakuta wameshasahau. Kisukari kinataka damu ipimwe na nyayo zitazamwe, kwani kidonda kidogo kisichohisiwa huweza kuishia kwa mguu kukatwa. Mgonjwa wa kiharusi anayelazwa upande mmoja bila ya kugeuzwa hufanya vidonda vya mgongo, na vidonda hivyo vyenyewe huweza kumwua. Katika kuyaangalia haya kila mwezi hapahitajiwi chumba cha upasuaji. Panahitajiwa muuguzi mwenye kipimo cha shinikizo la damu, kipimo cha sukari, dawa na bendeji, anayerudi kwa wakati aliouahidi.

Kwa hivyo, rai yetu ni kwamba Wizara ya Afya ianzishe huduma ya kuwatembelea majumbani wazee wasiojiweza, nayo iendeshwe na wauguzi wa vituo vya afya vilivyopo. Hatuisemi rai hii kama ndoto, kwani nguzo zake mbili zimekwisha kusimama.

Nguzo ya kwanza ni orodha. Mnamo Aprili 2016, Zanzibar ilianza kumlipa pensheni kila mkaazi wake mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, awe alikuwa mtumishi wa Serikali, mvuvi au mkulima. Kiwango kilianzia shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kikapandishwa hadi shilingi 50,000. Ili iweze kulipa, Serikali ililazimika kuwajua wazee hao kwa majina, shehia kwa shehia. Nguzo ya pili ni mpango wa Jamii ni Afya, ambao wahudumu wake wa kujitolea hutembea nyumba kwa nyumba katika wilaya zote 11. Mpango huo ulijengwa juu ya mama mjamzito na mtoto mdogo. Mhudumu anayebisha hodi kumwangalia mtoto anaweza pia kumwuliza bibi aliyelala chumba cha pili.

Lakini ni lazima kazi zitofautishwe. Mhudumu wa shehia asifanywe daktari. Kazi yake iwe ni kuwatambua wasiojiweza na kupeleka taarifa. Muuguzi afike kwa wagonjwa hao walau mara moja kwa mwezi, kwa siku inayojulikana. Daktari wa wilaya aitwe kwa yale yatakayomshinda muuguzi. Wala haifai mzigo huu mpya utwikwe watu wa kujitolea pasina kuongezewa posho. Na pa kuanzia pawe ni visiwa vidogo, ambako shida ni kubwa zaidi. Huko chombo na mafuta yake vihesabiwe kuwa ni sehemu ya matibabu.

Watakuwepo watakaosema kwamba wauguzi hawatoshi hata ndani ya wodi. Hoja hii ni nzito, na hatuipuuzi. Lakini mgonjwa wa kiharusi huweza kukikalia kitanda cha hospitali kwa wiki nyingi, na muuguzi aliyemkumbusha dawa zake mapema huenda angekiepusha. Cuba, nchi ya kisiwa isiyokuwa tajiri, ambayo madaktari wake wamefanya kazi hapa kwetu, ilianza mwaka 1984 mpango wa daktari na muuguzi wa familia, wanaokaa mtaani na kuwatembelea wagonjwa wao nyumbani. Haikungoja kwanza itajirike.

Wengine watauliza: watoto wa wazee hao wako wapi? Wengi wapo, na wanawatumikia wazee wao usiku na mchana. Binti anayemwogesha mama yake hawezi kujua shinikizo la damu limepanda kiasi gani, wala hakufundishwa namna ya kumgeuza mgonjwa na kusafisha kidonda. Muuguzi atakapofika atamwonesha. Wajibu wa watoto utabaki pale pale, ila hawatakuwa peke yao tena.

Sheria ya mambo ya wazee ilipitishwa mwaka 2020. Tunaziomba mamlaka zinazohusika ziitazame sheria hiyo pamoja na makisio ya fedha ya mwaka ujao, na humo litengwe fungu la huduma hii, hata likiwa dogo. Masheha nao wasingoje barua. Waanze sasa kuandika majina ya wazee waliolala kitandani katika shehia zao. Mtu wa miaka 80 akiambiwa asubiri mpango wa miaka mitano, huenda usimkute.