Kalokol: Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Atapona?

Kumezuka mtindo mpya wa kutembea. Mtu hutoka mjini akaenda porini siku mbili tatu kupiga kambi, lakini hemani mwake pana godoro nene, shuka nyeupe, bafu na vinywaji vya barafu. Na siku hizi hupenda afike kwa gari la umeme, lisilonguruma wala kutoa moshi. Tuseme basi mtindo huo umefika Kalokol, ufukweni mwa Ziwa Turkana, kilomita 60 hivi kutoka Lodwar. Tuupokee vipi?

Kustarehe si dhambi, na gari lisilo moshi ni jambo jema. Lakini, ndugu msomaji, Kalokol imekwisha kuyaona makuu ya wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ilijenga pale kiwanda cha kugandisha samaki. Kiliendeshwa siku chache tu, kikafungwa, kwani gharama ya umeme na maji safi kiliyotaka haikubebeka. Nia ilikuwa njema. Aliyesahauliwa kuulizwa ni mwenyeji, ana nini nyumbani mwake.

Gari la umeme nalo ni mlaji. Litakula wapi? Ng'ambo ya ziwa, upande wa Loiyangalani, vimesimama vinu 365 vya upepo vyenye nguvu ya megawati 310, lakini waya wake wakimbilia Suswa, zaidi ya kilomita 400. Upepo ni wa huku, taa zawaka kule. Kwa hiyo kambi itakayo magari hayo na ijitegemee kwa umeme wa jua, ambalo Turkana si haba, wala bafu zake zisikaushe kisima cha wanakijiji.

Na kwa nini hema litoke ng'ambo? Wanawake wa Kiturkana ni mafundi wa akai, nyumba ya mviringo ya fito na makuti ya mkoche. Waajiriwe kujenga, walipwe ujira wa fundi, wasiwe pambo la kupigwa picha. Sisi wa Pwani twajua: mahoteli yalipojipanga ufukweni, mvuvi alibaki kutafuta kichochoro cha kuifikia bahari yake.

Betri inayojazwa kwa jua haina haraka, na mwenye gari hana budi kungoja. Angoje basi akimsikiliza mzee wa Kiturkana, kwa malipo ya haki, akimsimulia habari za nguzo za mawe za Namoratunga, zilizo njia ya Kalokol, ambazo wenyeji husema zilikuwa watu waliogeuzwa mawe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakubwa wa kaunti kule Lodwar wayatie masharti haya katika vibali sasa, mahema yangali machache. Yakishakuwa mengi, mwenyeji ndiye atakayebisha hodi kwake mwenyewe.