Aliyesoma kwa M-Pesa

Leo sina programu ya kuwaonyesha, nina aibu yangu tu.

Mwaka jana niliandika mfumo wa kutuma SMS za malipo kwa vibarua wa kiwanda kimoja hapa Eneo la Viwanda, Thika. SMS moja hubeba herufi 160, ukizidisha unalipia mbili. Basi, kama kawaida yetu watu wa kompyuta, nikabana. Maneno nikayakata, majina nikayaacha herufi za kwanza tu, pesa nikaziweka mwishoni. Kwa simu yangu ilipendeza kweli!

Jumatatu mama mmoja wa idara ya kufungasha akanisimamisha getini. "Kijana wangu, hii meseji umeiharibu. Pesa iko wapi?"

Mama huyu aliachia shule darasa la pili na hajawahi kukanyaga ngumbaru. Kusoma alifundishwa na M-Pesa, ile iliyoanza Machi 2007. Kwanza alijua tarakimu. Halafu akajua neno la pesa kuingia na la pesa kutoka. Herufi zenyewe alizipata kwa majina: la binti yake, la mwenye nyumba, la mama mboga. Ile W ya Wanjiru akaikuta kwa Wambui, akaendelea hivyo hivyo. Na mimi ndiye niliyemfutia majina.

Utafiti wa taifa uliotolewa mwaka huo huo wa 2007 ulisema asilimia 38.5 ya watu wazima Kenya hawakufikia kiwango cha chini cha kujua kusoma. Utaniambia kutambua umbo la meseji si kusoma. Kweli kiasi, na matapeli wanalijua hilo kuliko sisi. Umbo huigwa kwa dakika moja. Ndiyo sababu nasema maneno kamili, Kiswahili, mpangilio usiobadilika kila tukichoka nao. Sisi tunaoandika meseji hizi ni walimu, tupende tusipende, na wengi wetu ni walimu wabaya.

Nilirudisha majina, nikaandika kila kitu kwa urefu. Sasa ni SMS mbili, mhasibu alinuna.

Wiki mbili baadaye mama akanisimamisha tena, kidole kwenye skrini. "Ma-ka-to. Haya makato ni ya nini? Mimi sijakopa mtu."

Nikampeleka kwa mhasibu.