Mizani ya Matangazo Ikaguliwe

Mwezi wa Novemba 2021 mahakama moja ya shirikisho huko Brooklyn, New York, ilimhukumu Mrusi Aleksandr Zhukov kifungo cha miaka 10. Kosa lake? Aliwauzia wafanyabiashara watazamaji wasiokuwapo. Kati ya 2014 na 2016 yeye na wenzake walikodi kompyuta zaidi ya 1,900 mjini Dallas na kwingineko, wakazitia programu ya kuigiza binadamu, wakachuma zaidi ya dola milioni 7 za matangazo ya intaneti.

Hila yenyewe yastahili kuelezwa. Mashine hizo zilisogeza kipanya, zikateremsha kurasa, zikaanzisha video na kuikatiza katikati kama afanyavyo mtu aliyechoshwa. Anwani zao za intaneti, zaidi ya 650,000, zilisajiliwa zionekane ni za majumbani mwa Wamarekani. Tovuti zaidi ya 5,000 zilighushiwa majina, na gazeti la New York Times likawa miongoni mwa waathiriwa.

Kampuni ya White Ops ndiyo iliyoanika mambo hayo hadharani Desemba 2016. Yaani miaka miwili ilipita, na katika muda huo madalali waliopitisha matangazo hayo walikuwa wakikata fungu lao. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Dalali hulipwa, awe mtazamaji ni mtu au ni mashine. Atakuwa na haraka gani ya kumfichua mwizi anayemwongezea pato?

Yamkini nitaambiwa kwamba makampuni makubwa huchuja mibofyo ya kushukiwa na kutomtoza mteja. Ni kweli. Lakini anayechuja ndiye huyo huyo anayeuza, tena kwa kanuni asizozitoa. Mwaka 2006 Google ilikubali kutoa hadi dola milioni 90 kumaliza kesi ya wateja waliodai kwamba walitozwa mibofyo ya uongo. Hoja ya kuficha kanuni ili wezi wasijifunze ina uzito wake, nami siipuuzi, ila haizuii mkaguzi wa kando kuonyeshwa kumbukumbu zote.

Humu nchini muuza nyama haruhusiwi kupimia wateja kwa mizani isiyokaguliwa na kutiwa muhuri wa serikali. Iweje basi mwenye duka la viatu anayenunua mibofyo kwa fedha zake apokee hesabu ya muuzaji bila swali? Kabla ya kulipa, na adai kumbukumbu: mibofyo iliingia saa ngapi, kutoka anwani zipi, na baada yake mgeni alifanya nini. Mibofyo 500 iliyomiminika saa tisa za usiku kutoka ghala moja la kompyuta ng'ambo, bila simu hata moja ya kuulizia bei, haifai kulipiwa.